Mama Malkia Elizabeth (1900–2002): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu mama, si binti. Elizabeth Bowes-Lyon alikuwa mke wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Alikaa kwenye cheo cha malkia miaka 15, kisha akaishi mjane miaka 50, na hiyo miaka ya ujane ndiyo inayokumbukwa na wengi: bibi mwenye kofia za manyoya, anapunga mkono. Tabia yake hasa ilionekana katika ile 15 ya kwanza. Maswali yameanza na ya msingi. Yenye utata yako chini. Ukiona jibu linakurudisha kwenye swali jingine, ujue jambo hilo limeshaelezwa huko.

## Majina na vyeo

Huyu ni Elizabeth yupi? Si ndiye aliyefariki 2022?

Hapana. Aliyefariki Septemba 2022 ni binti yake, Malkia Elizabeth wa Pili, mama yake Mfalme Charles. Mama alifariki Machi 2002, miaka ishirini kabla. Wote wawili waliitwa Elizabeth, wote wawili waliitwa malkia, na kwa nusu karne walikuwa hai pamoja. Picha zao huchanganywa mno mtandaoni. Picha ya miaka ya 1940 ikiwa na mwanamke mnene kiasi, aliyevaa rangi nyepesi, pembeni ya mfalme mwembamba aliyevalia sare za jeshi la majini, huyo ni mama.

Kuna tofauti gani kati ya malkia anayetawala na mke wa mfalme?

Kiswahili kinawaita wote "malkia", na hapo ndipo shida inapoanzia. Malkia anayetawala amerithi kiti: yeye ndiye mkuu wa nchi, sheria husainiwa kwa jina lake. Mke wa mfalme amepata cheo kwa ndoa. Hutawazwa na hupakwa mafuta kanisani pamoja na mumewe, lakini hana mamlaka yoyote ya kikatiba, na mumewe akifa kiti kinakwenda kwa mrithi.

Kazi yenyewe haijaandikwa popote. Hakuna barua ya ajira inayosema mke wa mfalme afanye hiki na asifanye kile. Kila anayeingia anaishona upya kwa kipimo chake, na huyu tunayemzungumzia aliishona ikamkaa vizuri kuliko wengi.

Kwa nini aliitwa Mama Malkia?

Mumewe alipofariki mwaka 1952, binti yake akawa Malkia Elizabeth. Kukawa na "Malkia Elizabeth" wawili katika nyumba moja. Ili barua zisipotee njia, mama akachukua jina refu la Malkia Elizabeth, Mama Malkia. Watu wakalifupisha. Cheo hicho si cha kila mjane wa mfalme. Tazama swali la mwisho kabisa.

Alikuwa wa damu ya kifalme?

Hapana, ingawa hakutoka nyumba ya shida. Baba yake alikuwa Lord Glamis, baadaye Earl wa 14 wa Strathmore na Kinghorne, ukoo wa kale wa Uskoti wenye ngome, mashamba na watumishi. Lakini hawakuwa wafalme. Kabla yake, wake za wafalme wa Uingereza walitoka katika nyumba za watawala wa nje: Denmark, Ufaransa, Ureno, Ujerumani. Ukimtafuta mke wa mfalme wa nyuma yake ambaye hakuzaliwa katika nyumba ya watawala, unarudi mpaka Catherine Parr, mke wa sita wa Henry wa Nane, aliyeolewa mwaka 1543.

## Kabla ya taji

Alizaliwa wapi?

Tarehe inajulikana: 4 Agosti 1900. Mahali ndipo pana mgogoro. Baba yake alichelewa kumwandikisha, akatozwa faini ya shilingi 7 na nusu, na kwenye cheti ikaandikwa St Paul's Walden, nyumba yao ya shamba huko Hertfordshire. Baadaye yeye mwenyewe alisema alizaliwa London. Mzazi aliyewahi kwenda kufuatilia cheti cha mtoto miezi kadhaa baada ya kujifungua ataelewa jinsi mambo haya yanavyotokea.

Alikuwa mtoto wa tisa kati ya kumi. Likizo walikwenda Uskoti kwenye ngome ya Glamis. (Hutamkwa "Glaamz", silabi moja tu. Ukisema "Gla-mi-si" wenyeji watatabasamu.)

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimgusaje?

Uingereza iliingia vitani siku aliyotimiza miaka 14. Ngome ya Glamis ikageuzwa makao ya askari waliojeruhiwa waliokuwa wakipata nafuu. Alikuwa mdogo mno kuwa muuguzi, kwa hiyo kazi yake ikawa kucheza nao karata, kuwaandikia barua na kuwanunulia tumbaku. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kukaa na mtu asiyemjua na kumfanya ajione ndiye mgeni muhimu kuliko wote, maana kipaji hicho alikitumia miaka 80 iliyofuata.

Kaka yake Fergus aliuawa mwaka 1915 kwenye vita vya Loos, Ufaransa. Kaka mwingine, Michael, alitangazwa kupotea mwaka 1917, familia ikaomboleza, kisha ikajulikana yuko hai mikononi mwa Wajerumani.

Ni kweli alimkataa mtoto wa mfalme?

Ni kweli, tena mara mbili. Prince Albert, Duke wa York, mtoto wa pili wa Mfalme George wa Tano, alimposa mwaka 1921 akakataliwa. Akarudi 1922, akakataliwa tena. Sababu haikuwa kumchukia. Aliogopa kwamba akiingia katika ukoo ule hatakuwa huru tena kuwaza, kusema na kutenda kama anavyoona inafaa. Mara ya tatu, Januari 1923, akakubali.

Hapa usisahau jambo moja: aliolewa na mtoto wa pili. Kiti kilikuwa cha kaka mtu, Edward. Hakuna aliyemwandaa Elizabeth kuwa malkia, na mumewe mwenyewe hakukitaka kiti hicho.

Kisa cha shada la maua ni kipi?

Arusi ilikuwa tarehe 26 Aprili 1923 katika kanisa la Westminster Abbey. Wenye redio walitaka kuitangaza, viongozi wa kanisa wakakataa. Moja ya hofu zao ni kwamba wanaume wangeisikiliza baa wakiwa wamevaa kofia.

Bibi arusi alipokuwa akiingia kanisani alilipita Kaburi la Askari Asiyejulikana, jiwe jeusi lililo sakafuni karibu na mlango. Akasimama, akainama, akaliweka shada lake pale, kisha akaendelea kutembea kwenda madhabahuni mikono mitupu. Kaka yake alikuwa mmoja wa vijana wale wa vitani. Tangu hapo maharusi wa ukoo wa kifalme hupeleka mashada yao kwenye kaburi lile, ila wao hufanya hivyo baada ya ibada. Shauri la shada halikuishia hapo. Tazama swali la mazishi.

## Ufalme usiotarajiwa

Ilikuwaje akawa malkia?

George wa Tano alifariki Januari 1936, Edward akarithi. Edward alitaka kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ameshaachana na mume mmoja na alikuwa mbioni kuachana na wa pili. Serikali na Kanisa la Uingereza, ambalo mfalme ndiye mkuu wake, hazikukubali. Desemba 1936 Edward aling'atuka kabla hata ya kutawazwa. Albert akawa mfalme kwa jina la George wa Sita. Wakatawazwa tarehe 12 Mei 1937, siku ileile iliyokuwa imepangwa kwa ajili ya kaka mtu. Tarehe ilibaki, aliyebadilika ni mfalme.

Wakati huo walikuwa na mabinti wawili: Elizabeth, aliyezaliwa 1926, na Margaret, aliyezaliwa 1930.

Mfalme alikuwa na kigugumizi kweli? Mkewe alimsaidiaje?

Kweli, kikali. Hotuba ya hadhara kwake ilikuwa mateso. Mwaka 1926 alianza mazoezi kwa Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa na chumba cha kazi mtaa wa Harley, London. Mkewe alimtia moyo aende na alifuatana naye. Mwaka uliofuata Duke alikuwa na safari ya kufungua jengo jipya la bunge huko Canberra, na hotuba ikatoka.

Kigugumizi hakikuisha. Alijifunza kukizunguka: kupumua, kupumzika kati ya maneno, kukwepa herufi zinazomkwamisha. Mke alikaa pembeni yake kwenye hotuba nyingi za hadhara, mtulivu kana kwamba hakuna kinachotokea. Ukitazama filamu za habari za zama zile, mfalme akikwama, mtazame mkewe: uso hausogei.

Taji lake ndilo lenye almasi ya Koh-i-Noor?

Ndilo. Lilitengenezwa kwa platinamu mwaka 1937, na almasi hiyo iliwekwa mbele. Ilitoka Punjab mwaka 1849 baada ya Waingereza kuiteka, kwa mkataba uliosainiwa na Maharaja mtoto wa miaka kumi. India inaidai, na si peke yake. Mwaka 2002 taji hilo liliwekwa juu ya jeneza lake. Camilla, mke wa Mfalme Charles, alipotawazwa 2023 alivaa taji jingine, la Malkia Mary, na Koh-i-Noor ikabaki sandukuni katika Mnara wa London.

Kwa ndoa hiyohiyo alikuwa pia Maliki wa India, na wa mwisho: cheo kilifutwa mwaka 1948, baada ya uhuru wa India na Pakistan.

Alimchukia Wallis Simpson?

Hawakupendana, na hakuna aliyejitaabisha kuficha. Wallis alimwita "Cookie", akimaanisha kwamba anafanana na mpishi. Baada ya ndoa ya Edward na Wallis mwaka 1937, mume alibaki na heshima ya "Mtukufu" wa kifalme, mke akanyimwa. Edward hakulisamehe hilo mpaka anakufa.

Husemwa sana kwamba Elizabeth aliamini mzigo wa ufalme ndio uliomuua mumewe mapema. Mimi naona sigara zina kesi ya kujibu: mfalme alivuta mno, akakatwa pafu moja lenye saratani Septemba 1951, na miezi mitano baadaye hakuwepo.

## Wakati wa vita

Kwa nini Waingereza walimpenda kiasi kile?

Kwa sababu ya mwaka 1940. Kulikuwa na ushauri kwamba malkia na mabinti wapelekwe Kanada. Jibu lake likapita mdomo kwa mdomo: watoto hawaendi bila mimi, mimi siendi bila mfalme, na mfalme haondoki kamwe.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1940 walikuwa ndani ya kasri ya Buckingham. Alimsimulia mama mkwe wake, Malkia Mary, kwa barua: alikuwa akihangaika kumtoa mfalme kope iliyoingia jichoni, wakasikia ngurumo ya ndege ya Kijerumani, kisha mlio wa bomu likishuka. Likaanguka uani. Kanisa dogo la kasri likabomoka, mafundi waliokuwa kazini wakajeruhiwa. Hapo ndipo palipotoka kauli yake maarufu, kwamba anafurahi wamepigwa mabomu kwa kuwa sasa anaweza kuwatazama usoni watu wa East End. East End ni ile London ya mashariki, ya bandari na wafanyakazi, iliyokuwa ikipigwa kila usiku. Kabla ya hapo baadhi ya wenyeji huko waliwapokea kwa miguno: mtu aliyepoteza nyumba hamfurahii mgeni aliyevaa lulu.

Kasri ilipigwa mara tisa wakati wa vita. Usiku walilala Windsor, jambo ambalo halikutangazwa, lakini mchana walikuwa London.

Kwa nini hakuvaa nguo za kazi au sare kama wengine?

Alikuwa na maoni thabiti juu ya mavazi. Alisema watu wakija kumwona wangevaa nguo zao nzuri, basi na yeye afanye vivyo hivyo. Juu ya vifusi alivaa zambarau iliyopauka, bluu ya vumbi, waridi iliyofifia: rangi zisizoshika vumbi kirahisi na zisizofanana na msiba. Nyeusi hakuivaa.

Jambo hili lilianza kabla ya vita. Juni 1938 mama yake alifariki wiki chache kabla ya ziara rasmi ya Ufaransa. Nguo zote zilikuwa tayari, za rangi. Mshonaji wake, Norman Hartnell, alizishona upya zote kwa rangi nyeupe, ambayo kwa wafalme wa Ulaya iliruhusiwa kuwa rangi ya maombolezo. Paris, mji unaojua nguo, ikapiga makofi.

Ziara ya Marekani ya 1939 ilikuwa na umuhimu gani?

Ilikuwa mara ya kwanza mfalme wa Uingereza aliye madarakani kukanyaga Marekani, na vita vilikuwa miezi mitatu mbele. Tarehe 11 Juni Rais Roosevelt aliwaandalia mlo wa nje nyumbani kwake Hyde Park, New York, na kwenye meza kulikuwa na soseji ndani ya mkate. Magazeti yaliandika zaidi juu ya soseji kuliko juu ya siasa, na nafikiri Roosevelt alitaka hivyohivyo.

Hakufanya makosa ya kisiasa?

Alifanya. Septemba 1938 yeye na mfalme walisimama kwenye roshani ya kasri pamoja na Waziri Mkuu Neville Chamberlain, aliyekuwa ametoka kutia saini na Hitler mkataba wa Munich uliokata kipande cha Czechoslovakia. Bunge lilikuwa bado halijaujadili. Mfalme hatakiwi kuegemea upande, na siku ile waliegemea.

## Afrika

Aliwahi kufika Afrika Mashariki?

Zaidi ya mara moja. Ya kwanza ilikuwa Desemba 1924, akiwa bado Duchess wa York na umri wa miaka 24. Yeye na mumewe walishuka Mombasa, wakapanda treni kwenda Nairobi, wakala Krismasi kwa Gavana Robert Coryndon. Kilichofuata ni safari ya kuwinda. Yeye mwenyewe alibeba bunduki ya Rigby, akapiga wanyama wakubwa wakiwemo vifaru. Kwa macho ya leo inaumiza kusoma. Kwa watu wa daraja lao wakati ule ilikuwa fungate iliyochelewa. Februari 1925, wakiwa bado ziarani, Coryndon alifariki ghafla Nairobi. Wao wakapitia Uganda, wakashuka na Mto Nile hadi Sudan, wakarudi London Aprili. Maisha yake yote aliitaja safari ile kama moja ya nyakati zake za raha kuliko zote.

Alirudi Februari 1959, sasa Mama Malkia, akazuru Kenya na Uganda. Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari. Na tarehe 17 Mei 1960 alizindua bwawa la Kariba, kati ya nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe. Picha za uzinduzi huonyesha mitambo na bendera. Hazionyeshi Watonga wapatao 57,000 waliohamishwa kupisha maji.

Ile habari ya kumpiga Mwafrika kwa mwavuli ni kweli?

Kweli. Ilikuwa Benoni, Afrika Kusini, mwaka 1947, katika ziara ya familia nzima. Gari la wazi lilikuwa likipita katikati ya umati. Mwanamume mmoja Mzulu akachomoka, akalikimbilia gari, akalishika. Malkia alidhani ni shambulio, akampiga kwa mwavuli. Polisi wakamvuta, wakampiga mpaka akapoteza fahamu.

Mkononi mwake alikutwa na noti ya shilingi kumi. Alitaka kumpa Binti Elizabeth zawadi: mwezi ule alikuwa anatimiza miaka 21.

Waandishi wengi wa maisha yake hukipitisha kisa hiki kwa haraka kama ajali ya kutoelewana. Mimi hukiona kinaeleza ziara nzima ile: walikuwa wamekuja kupokea upendo wa raia, na raia alipouleta karibu mno hakuna aliyeutambua.

Mumewe alipofariki, si ndipo binti yake alikuwa Kenya?

Ndiyo. Mfalme alifariki usingizini huko Sandringham, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, akiwa na miaka 56. Mkewe alikuwa nyumba hiyohiyo. Binti alikuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama, na habari ilimfikia akiwa amesharudi nyumba ya Sagana karibu na Nyeri, waliyokuwa wamezawadiwa na serikali ya koloni kwa arusi yao. Kwa hiyo mama akawa mjane na bintiye akawa malkia usiku mmoja, mabara mawili mbalimbali.

Hifadhi ya Queen Elizabeth ya Uganda imeitwa kwa jina lake?

Hapana, ni ya binti. Ilianzishwa 1952 kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa jina kwa heshima ya ziara ya Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Cha mama ni meli: ile ya abiria iitwayo Queen Elizabeth, aliyoizindua mwenyewe Clydebank, Uskoti, Septemba 1938, na ambayo iliteketea kwa moto Hong Kong mwaka 1972. Ile QE2 iliyotia nanga Dubai na kufanywa hoteli ni nyingine, ilizinduliwa na binti mwaka 1967.

## Miaka hamsini ya ujane

Alifanya nini baada ya mumewe kufa?

Kwanza alijifungia. Akiwa Uskoti ya kaskazini kabisa, akaona ngome iliyokuwa ikianguka pwani, ikikaribia kubomolewa, akainunua mwaka huohuo wa 1952. Ndiyo Castle of Mey, nyumba pekee aliyoimiliki mwenyewe. Kisha akarudi kazini. Alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha London kuanzia 1955 mpaka 1980, mlezi wa mamia ya taasisi, na mwanamke wa kwanza kushika cheo cha kale cha Lord Warden wa Cinque Ports, yaani msimamizi wa bandari za kale za kusini-mashariki mwa Uingereza. London aliishi Clarence House.

Kwa nini mashabiki wa mbio za farasi humkumbuka?

Kwa sababu ya Devon Loch. Alipenda mbio za kuruka viunzi, na farasi wake walishinda mamia ya mara. Tarehe 24 Machi 1956, Aintree, mashindano ya Grand National, Devon Loch alikuwa ameruka viunzi vyote. Amewaacha wenzake nyuma, umati unapiga kelele, utepe uko hatua chache mbele. Ghafla, pasipo na kiunzi chochote, farasi akaruka hewani kidogo, miguu ya mbele ikatanuka, akatua kwa tumbo. Akainuka, lakini hakuweza kuendelea. E.S.B. akapita akashinda. Mpanda farasi, Dick Francis, alitupa mjeledi wake majanini. Baadaye aliacha mbio na kuwa mwandishi wa riwaya.

Mpaka leo watu hubishana kilichotokea: misuli kukaza, kelele za umati, au alidhani kivuli ni kiunzi. Mwenye farasi alishuka kwenda kuwapa pole Francis na watunzaji wa farasi, akasema tu kwamba ndiyo mbio zilivyo.

Ni kweli alikunywa sana na kudaiwa na benki?

Kinywaji chake kilikuwa pombe kali ya jini (gin) na Dubonnet kabla ya chakula cha mchana. Dubonnet ni mvinyo mtamu uliotiwa kwinini, ulibuniwa Ufaransa karne ya 19 ili askari wa Afrika Kaskazini waweze kuimeza dawa ya malaria. Kwa hiyo wakorofi wanaweza kusema alikuwa anajikinga na homa.

Fedha ni kweli hakuzihesabu. Alipewa na serikali pauni 643,000 kwa mwaka miaka yake ya mwisho na hazikutosha. Watumishi, farasi, maua na karamu zilikula zaidi, na binti alizoea kuziba pengo. Magazeti yalitaja deni la mamilioni benki.

Kisa cha mabinti wa kaka yake waliofichwa?

Hiki ndicho doa ambalo mashabiki hawapendi kuulizwa. Kaka yake John alikuwa na mabinti wawili, Nerissa na Katherine, wenye ulemavu mkubwa wa akili. Mwaka 1941 walipelekwa hospitali ya Royal Earlswood huko Surrey. Toleo la 1963 la kitabu cha nasaba za makabaila, Burke's Peerage, liliandika kwamba wote wamekufa. Walikuwa hai. Nerissa alifariki 1986 na mwaka uliofuata magazeti yakafichua habari. Katherine aliishi mpaka 2014.

Waliowapeleka ni familia yao wenyewe, na mama yao husemwa hakuwa mtu wa kujaza fomu vizuri. Shangazi yao hakuwaandikia kifo. Lakini alikuwa mlezi wa Mencap, chama cha kutetea watu wenye ulemavu wa akili, na hapo ndipo swali linapokataa kwisha.

Aliugua nini?

Mengi, kimyakimya. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mwaka 1966, na umma haukuambiwa ni saratani. Kilichojulikana na kila mtu ni mwiba wa samaki uliomkwama kooni 1982 mpaka akapasuliwa. Yeye aliyekuwa mvuvi wa samoni tangu ujana alisema samaki wamelipiza kisasi. Alibadilishiwa nyonga zote mbili akiwa na miaka zaidi ya 90.

## Mwisho, na maswali ya pembeni

Aliishi miaka mingapi? Ndiye aliyeishi zaidi katika ukoo ule?

Miaka 101. Alifariki mchana wa tarehe 30 Machi 2002 huko Royal Lodge, Windsor, binti yake akiwa kando ya kitanda. Wiki saba tu kabla, binti yake mdogo Margaret alikuwa ametangulia, na mama alihudhuria mazishi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Rekodi ya umri haikudumu kwake: Alice, Duchess wa Gloucester, mke wa shemeji yake, alifariki 2004 akiwa na miaka 102.

Mazishi yalikuwaje?

Watu zaidi ya 200,000 walipanga foleni kupita mbele ya jeneza katika ukumbi wa Westminster. Foleni ilivuka daraja na kufuata ukingo wa Thames, usiku kucha kwenye baridi. Ibada ilikuwa tarehe 9 Aprili, kengele ikigongwa mara 101. Amezikwa Windsor, katika kanisa dogo la mumewe ndani ya St George's, pamoja na majivu ya Margaret.

Lile shada la maua lililokuwa juu ya jeneza halikwenda Windsor. Kwa agizo lake mwenyewe lilirudishwa Westminster Abbey kesho yake, likawekwa juu ya Kaburi la Askari Asiyejulikana, palepale alipoweka la arusi miaka 79 kabla.

Urithi ulitozwa kodi?

Alichomwachia binti yake hakikutozwa. Makubaliano ya 1993 yanasamehe kodi ya mirathi mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mrithi wa kiti, na pia kutoka kwa mjane wa mfalme kwenda kwa aliye kwenye kiti. Raia wa kawaida aliyerithi nyumba ya mama yake London hakuwa na makubaliano hayo, na wapo waliolisema kwa sauti.

Camilla naye ataitwa Mama Malkia siku moja?

Hapana. Mama Malkia ni mjane wa mfalme ambaye pia ni mzazi wa aliye kwenye kiti. Camilla ni mke wa Mfalme Charles, lakini mrithi, William, ni mtoto wa Diana. Charles akitangulia, Camilla atabaki malkia mjane, kama alivyokuwa Malkia Adelaide baada ya mumewe William wa Nne kufariki mwaka 1837 na kiti kwenda kwa Victoria, binti wa shemeji yake.